Alizeti ya Kitovuni

Mama Viriba alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, miguu ameinyoosha, akijaza udongo kwenye viriba vya miche. Alijaza kwa mkono, akagonga kiriba chini ili udongo ushuke, akaongeza kidogo, akakisogeza kwenye safu. Kazi hiyo aliweza kuifanya huku anakula, anagombana na mtu, na wapo waliosema hata akisinzia, kwa sababu vidole vyake vilishajua njia. Mbele yake mkwewe, mke wa mwanawe, alikuwa anafua ovaroli za mumewe kwenye beseni. Maji ya beseni yalikuwa ya kijivu. Ng'ambo ya kiwanja ulikuwa ukuta wa kiwanda, na chini ya ukuta huo lilitokeza bomba lililomwaga maji ya rangi hiyohiyo kwenye mtaro. Bomba lilimwaga kutwa nzima. Lilinyamaza saa ya chakula cha mchana tu, wafanyakazi walipokwenda kula, na king'ora kikilia tena nalo linaanza.

Kiwanda kiliyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi yaliyomo ndani. Mwana wa Mama Viriba alifanya kazi kwenye tanuri, kwa hiyo watu walimwita Tanuri. Mkewe walimwita Taratibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, hata siku nyuki walipovamia foleni ya maji na wazee wenye mikongojo wakampita.

Taratibu alikuwa mjamzito. Mimba mbili zilizotangulia zilikuwa zimetoka. Daktari wa zahanati alisema ni risasi hiyo. Imo kwenye vumbi la ovaroli, imo kwenye udongo wa kiwanja, na imo kwenye damu yake. Aliwashauri wahame.

"Angetupa na ufunguo wa huko," alisema Mama Viriba.

Hawakuhama. Kiwanja kati ya nyumba na mtaro kilikuwa kimeota kipara. Magugu yenyewe, ambayo huota hata juu ya paa, yalikuwa yamekikimbia. Hapo ndipo bwana shamba alipokuja na dumu la bluu. Alikuwa kijana mpole, mwenye buti safi mno kwa kazi yake.

"Humu mna vijidudu," alisema. "Ni vidogo, jicho halivioni. Vinakaa kwenye mizizi, vinaikuza, halafu vinaibandua risasi iliyogandamana na udongo."

"Vinaila?"

"Haviili, mama. Risasi hailiki ikaisha. Vinaikabidhi kwa mmea, na mmea unaipandisha juu. Ndiyo maana tunapanda alizeti. Zikikomaa mnazing'oa kabla hazijamwaga mbegu, mnazitia kwenye magunia, gari linakuja kuzichukua."

"Gari la nani?"

"La ofisi."

"Haya," alisema Mama Viriba, kwa sauti ya mtu aliyewahi kusubiri magari ya ofisi.

Walichanganya vijidudu na maji na molasi kwenye pipa, wakaliacha kivulini mpaka likatoa povu, wakamwagia kiwanja jioni baada ya jioni. Udongo ukaanza kubadilika. Ukawa mweusi, ukamumunyika, ukanuka kama mvua ya kwanza na mvua yenyewe haipo. Alizeti zikapanda mpaka zikauchungulia ukuta wa kiwanda. Mama Viriba alikuwa na desturi ya kuujua udongo kwa ulimi, kama mpishi anavyoonja chumvi. Alichukua punje kidogo, akaonja, akatema.

"Mtamu huu!" alisema. "Huu mtu angeweza kuula."

Alisema maneno hayo mbele ya mwanamke mjamzito. Taratibu, kama wajawazito wengi, alikuwa na hamu ya udongo, na vile vipande vya udongo uliochomwa vilivyouzwa dukani vilikuwa vimeanza kumchosha. Tangu siku hiyo akawa anajiiba mpaka nyuma ya tangi la maji, anachota chini ya alizeti, anafunga kwenye pindo la nguo, na anatafuna taratibu kama anavyofanya kila kitu.

Mche ulichipua kitovuni mwake Jumanne asubuhi, alipokuwa anafunga vifungo vya gauni. Alidhani ni uzi. Alipouvuta aliona maumivu mpaka kwenye mgongo, akamwita mama mkwe wake.

Mama Viriba alivaa miwani, akainama, akaugeuza mche kwa ncha ya kidole.

"Alizeti," alisema. "Shina nene, majani hayana madoa. Una wiki hivi tangu uanze kuota ndani."

Kisha akaurudisha mkono haraka, kwa sababu alijua alizeti zile zimepandwa kufanya nini, na zikishakomaa hufanywa nini.

"Umekula udongo?"

"Kidogo tu, mama."

"Kidogo kiasi gani?"

Taratibu alitazama kiwanja. Nyuma ya tangi palikuwa na shimo ambalo mbuzi mzima angelala humo akajinyoosha.

Bwana shamba aliitwa. Alivaa glovu, akautazama mche kutoka juu, kutoka pembeni, akauliza kama ulinyeshewa. Akaambiwa Taratibu huoga mara mbili kwa siku.

"Msiung'oe sasa," alisema. "Lakini msiache mbegu zikamwagika. Zikimwagika, vyote vilivyobebwa vinarudi vilikotoka, na kwa mkupuo."

"Vinarudi wapi?" aliuliza Mama Viriba.

Bwana shamba alitazama tumbo la Taratibu, kisha akatazama buti zake. Alisema ataulizia ofisini. Aliondoka kwa mwendo ambao kwa mtu mwingine ungeitwa mbio.

Mkunga ndiye aliyefuata. Huyu alikuwa amewazalisha akina mama wa mtaa mzima na baadaye akawazalisha mabinti zao, na mikono yake ilikuwa imekauka kama magome. Aliiweka juu ya tumbo la Taratibu, akafumba macho kwa muda mrefu.

"Mtoto yupo," alisema. "Anacheza. Ila hachezi peke yake. Mzizi umempita mgongoni, ukamzunguka kwapani, ukashuka mpaka kwenye mguu. Umemkumbatia."

"Umemkumbatia au umemkaba?" aliuliza Tanuri kutoka mlangoni.

"Baba, kwa kupapasa nje huwezi kujua. Hata wewe ukimkumbatia mkeo, aliye dirishani atasema nini?"

Hakuna aliyecheka. Katika nyumba ile hakuna aliyeshangaa pia. Waliogopa tu, na mtu akiogopa vizuri hapati nafasi ya kushangaa.

Alizeti ilikua. Taratibu alikata tundu kwenye kila gauni, akalipindia uzi ili lisifumuke. Mwanzoni ule mmea ulifuata jua kama wenziwe wa kiwanjani. Baadaye ukaliacha jua. Ukawa unaelekea ukutani, kwenye bomba, na maji yakianza kumwagika majani yake yanatanuka kama mikono ya mtu anayepokea mzigo. Jioni Tanuri alipotoka kazini uligeuka kabla hajafika langoni, na kwa kuwa uliota kwenye mwili wa mtu, mtu naye aligeuka.

"Anakuja huyo," Taratibu alikuwa akisema, na kweli lango linalia.

Tanuri alianza kuogea nje, penye tangi la maji, na nguo za kazi akaziacha kwenye ndoo yenye kifuniko. Haikusaidia. Mmea ulimwelekea kucha, ukamwelekea nywele, na alipofungua kinywa kusalimia ukamwelekea kinywa. Akahamishia kitanda barazani.

"Mmea unaninusa, mama."

"Unakunusa kwa sababu wewe unanuka," alisema Mama Viriba, lakini yeye ndiye aliyempelekea shuka na kumfungia mlango wa ndani kwa komeo.

Jumapili moja mchana, mkewe akiwa amelala na mlango haujakomewa, Tanuri aliingia ndani bila viatu. Alisimama kando ya kitanda. Ua lilikuwa bado tumba, limefumba, na lilimgeukia polepole. Alikuwa ameshawazika wanawe wawili ndani ya boksi la viatu, kila mmoja na lake, na huyu wa tatu alikuwa ameapa kwamba hatampa mmea. Akalishika shina kwa mikono miwili, akavuta.

Tumbo lote lilipanda. Lilichongoka kuelekea kwenye mikono yake kama hema linaloinuliwa kwa mti wa katikati, na chini ya ngozi kikaonekana kisigino kidogo, kimejikunja, kinapandishwa pamoja na mzizi.

Taratibu alifumbua macho. Hakupiga kelele.

"Baba, unamvuta mtoto," alisema.

Tanuri aliachia. Tumbo likashuka kidogo kidogo mpaka likarudi mahali pake. Kisha halikutikisika tena. Mama Viriba alikuja akapiga magoti, akaweka sikio. Alisikia sauti moja tu ndani, ya kitu kinachofyonza, kama mtu anayemalizia juisi chini ya glasi kwa mrija. Aliendelea kusikiliza. Taratibu alikuwa amemshika ukosi wa gauni, ameukamata kwa nguvu hata vifungo vikakatika.

Ndipo mtoto akapiga teke, na teke likampata bibi yake sikioni.

"Yupo," alisema Mama Viriba, akalisugua sikio.

Tanuri alikwenda nje, penye tangi. Alipotaka kunawa aliona viganja vyake. Vilikuwa vimepoteza ile rangi ya kijivu ambayo sabuni ilikuwa imeishindwa miaka yote. Vilikuwa laini, vya waridi, kama vya mtu aliyezaliwa jana. Pale alipolishika shina, shina lilikuwa limemlamba. Akavitia mfukoni, na tangu siku hiyo akawa anakula kwa kijiko.

Basi wakajua mmea unakunywa sumu. Lakini hawakujua ni kitu gani kitafuata sumu ikiisha, wala mbegu zitakomaa lini. Ua lilifunguka mwezi wa nane wa mimba. Lilikuwa kubwa kama sinia, na zito hivi kwamba Taratibu alitembea na kijiti chenye panda cha kulitegemeza. Mbegu zikajaa katikati yake, za kijivu, zinang'aa kidogo. Mama Viriba alishona mfuko wa kitambaa akalifunika ua, kama alivyofunika yale ya kiwanjani ndege wasidonoe. Kila asubuhi alitia kidole gumba ndani ya mfuko akabonyeza. Mbegu zilikuwa zimeshika. Kisha zikaanza kulegea.

Mbegu moja ilipenya kwenye mshono. Ilimdondokea Taratibu pajani, ikaviringika mpaka gotini, ikaanguka sakafuni. Ilipopita, ngozi iligeuka kijivu, na mguu huo haukusikia kitu mpaka jua lilipotua. Mama Viriba aliiokota kwa koleo la mkaa. Alishona mfuko wa pili juu ya wa kwanza, na kuanzia hapo yeye na Tanuri hawakumwacha Taratibu peke yake. Mmoja alilala, mwingine akashika mfuko.

"Ukizaa kabla ya mbegu, tumepona," mkunga alisema. "Mbegu zikitangulia, mimi sina la kufanya. Jitahidi, mama."

"Nitajitahidi," alisema Taratibu. "Lakini mnanijua."

Uchungu ulimshika asubuhi ya siku ya kazi. Mkunga alifika, akachemsha mkasi, akapandisha mikono ya gauni. Mama Viriba alikaa kichwani mwa kitanda ameukumbatia mfuko wa ua, na mfuko ulikuwa unachakacha. Nje bomba lilikuwa linamwaga.

"Sukuma," alisema mkunga.

Taratibu alisukuma. Mkunga alitia mkono, akakunja uso.

"Mzizi unamrudisha. Kila akishuka, unamvuta."

Walijaribu hivyo asubuhi nzima. Mtoto alishuka, akarudishwa. Midomo ya Taratibu ilikuwa imepauka na macho yalikuwa yanatafuta dari. Ndani ya mfuko zilisikika mbegu zikiachia moja moja na kudondoka kwenye kitambaa, kama mchele kwenye ungo. Mama Viriba aliikaza shingo ya mfuko mpaka vidole vikafa ganzi.

Mara mkunga akainua kichwa.

"Umelegea," alisema. "Mzizi umelegea. Kuna nini?"

Palikuwa kimya. Bomba lilikuwa limenyamaza. Wafanyakazi walikuwa wamekwenda kula.

Mama Viriba ndiye aliyeelewa, na alipoelewa hofu ilimpanda mpaka kwenye fizi.

"Bomba likinyamaza, hauna cha kunywa!" alisema. "Sukuma, mwanangu! Sukuma kabla hawajamaliza kula!"

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Taratibu alifanya haraka. Alisukuma bila kupumzika, akauma mto, akalia kwa sauti ambayo ilisikika, pamoja na maneno ya Mama Viriba, mpaka kwenye kantini ya kiwanda, ambako Tanuri aliweka kijiko chini akaomba wenzake wale polepole. Baadhi yao wakala polepole. Msimamizi wao alikula kama kawaida yake. Kichwa kikatoka. Bega likatoka. Mzizi uliteleza kwapani mwa mtoto, ukaachia mgongo.

King'ora kikalia.

Mtoto alikuwa nje mpaka magotini. Mzizi uliokuwa umesalia kwenye kifundo cha mguu ukakaza, ukaanza kumrudisha. Mkunga alimshika mtoto kwa mkono mmoja, akachukua mkasi, akakata kitovu na mzizi pamoja. Ule mzizi ulijikunja kama mkia wa mjusi, ukaingia ndani. Mtoto alikuwa wa kike. Alilia papo hapo, kwa hasira, na mguuni alikuwa na alama ya duara kama bangili.

Mama Viriba alilikata ua likiwa ndani ya mifuko yake, akalibeba kwa mikono miwili kama anabeba betri, akalitia kwenye gunia. Gunia aliliweka ukutani pamoja na mengine, yale ya alizeti za kiwanjani, yaliyokuwa yanasubiri gari. Jioni hiyohiyo shina la kitovuni likatoa tumba jipya.

"Hili utakaa nalo," mkunga alimwambia Taratibu. "Bomba likifungwa litanyauka lenyewe."

"Na lisipofungwa?"

"Utakata tundu kwenye magauni."

Siku ya saba walimleta mtoto karibu na tumba. Tanuri alimshika kwa viganja vyake vipya. Wote walilitazama tumba. Tumba lilimwelekea Tanuri shingoni, likamwelekea kwenye nywele. Kwa mtoto halikugeuka hata kidogo. Walimpitisha mbele yake, wakamrudisha, wakamshusha mpaka karibu na majani. Halikumjali. Mtoto alikuwa safi. Taratibu alilia, na Mama Viriba akasema ni moshi ndio unaomtoa yeye machozi, ingawa jiko lilikuwa limezimwa.

Habari zilienea. Wanawake wa mtaa, ambao nao walikuwa na maboksi yao ya viatu, walianza kuja na vikombe. Mama Viriba aliwapa udongo kutoka nyuma ya tangi. Aliwaambia yote, mizizi na mbegu na saa ya chakula, hakuwaficha hata moja, na walisikiliza mpaka mwisho, wakajaza vikombe. Baada ya muda mtaa ulikuwa na magauni mengi yenye matundu.

Afisa wa kiwanda alikuja siku moja, amevaa kofia ngumu na tai. Alikuwa amepima maji ya mtaro. Alikuta yamesafika kuliko alivyotarajia, na alitaka kuwashukuru akina mama kwa mchango wao. Kama shukrani, kiwanda kiliwajengea mabenchi ya saruji kando ya mtaro, yamepakwa rangi ya njano, ili wakae karibu zaidi. Na kwa kuwa sasa mtaro ulikuwa unaweza kubeba zaidi, kiwanda kilifungua bomba la pili. Hilo halikuwa na saa ya chakula.

"Mheshimiwa," alisema Mama Viriba, "lifungeni mchana tu. Muda wa mtu kula. Kuna wenzetu wanakaribia kuzaa."

Afisa alisema ataulizia ofisini.

Gari la magunia halikuja. Tanuri aliendelea kwenda kazini, kwa sababu kazi nyingine haikuwepo. Wanawake walikaa kwenye mabenchi asubuhi, vitambaa vya kufuma mapajani, maua yao yote yameelekea ukutani. Waliokaribia siku zao hawakufuma. Walisikiliza mabomba. Mtoto wa Taratibu alianza kutambaa. Alitambaa kwenye udongo wa kiwanja, akaweka mikono kinywani kama watoto wote.

Asubuhi moja Taratibu alikuwa amekaa benchini, na binti yake anacheza miguuni pake, upande wa pili kutoka mtaroni. Mabomba yote mawili yalikuwa yanamwaga. Taratibu alihisi shina linamvuta, akadhani ni mumewe amesahau kitu na anarudi. Alitazama langoni. Hapakuwa na mtu. Ua lilikuwa limeuacha ukuta. Liligeuka taratibu, likainama, likasimama juu ya kichwa cha mtoto, na majani yake yakatanuka.

Wanawake wengine walitazama, kisha wakatazama kazi zao.

"Mama," aliita Taratibu.

Mama Viriba alikuwa kwenye kigoda chake. Alinyanyua macho, akaona. Aligonga chini kiriba alichokuwa ameshika, akakisogeza kwenye safu, akainuka kwa kushikilia magoti. Alikwenda nyuma ya tangi akachota udongo, ule mweusi, wa chini. Akaingia jikoni kutafuta kijiko kidogo, cha mtoto.